Kadi Iliyopotea Darasa la Sita

Baridi ya asubuhi Njombe haina mzaha. Nelly wa darasa la sita huvaa sweta mbili na kuwahi shuleni kupanga kadi za msamiati wa Kiingereza alizokabidhiwa na Madamu Elina. Zilikatwa kutoka kwenye maboksi, kila moja na neno lake linalohusu kelele, na Nelly hakupenda mtu azisogelee.

Alhamisi, baada ya mapumziko, kadi moja haikuonekana: "clamour". Kesho yake kulikuwa na shindano la msamiati na shule ya Makambako, na kadi isipopatikana Nelly angenyang'anywa kazi aliyoililia muhula mzima. Macho yake yakatua kwa Anifa, jirani yake wa dawati, aliyehamia juzi tu kutoka hukohuko Makambako. Si ndiye aliyebaki darasani peke yake? Na mbona anaukumbatia mkoba hivyo?

"Kikulacho ki nguoni mwako," Nelly akamnong'oneza Filemoni wa dawati la nyuma. "Anawapelekea kadi wenzake wa zamani."

Filemoni si mtu wa kuachiwa siri. Punde darasa zima likawa linagonga madawati.

"Apekuliwe! Apekuliwe!"

Madamu Elina aliingia, kelele hazikukoma. Anifa akaumwaga mkoba mwenyewe. Yakatoka madaftari, na karatasi yenye maneno ya kadi.

"Nilibaki kuyanakili, madamu," alisema. "Wenzangu waliyaanza kabla sijafika."

Nelly hakuamini. Jasho likamtoka. Akaanza kuvua sweta ya juu, mkono wake ukaigusa kadi tumboni. Aliichomeka mwenyewe kati ya sweta mbili alipokuwa akijisomea nje wakati wa mapumziko, apate kuingiza mikono mfukoni.

Hakuna aliyeona. Angeweza kuidondosha chini ya dawati, lawama zikabaki kwa Anifa. Akaona aibu hata kwa kuliwaza hilo. Akasimama.

"Madamu, ninayo mimi. Anifa, nisamehe. Nilikusingizia."

Mikono iliyokuwa ikigonga madawati ikatulia. Anifa akainama kuokota madaftari yake. Nelly akapiga magoti kumsaidia.

Madamu Elina akaiinua kadi. "Tuliandika maana yake ni makelele ya watu wengi wanaoshinikiza jambo. Leo mmelifanya, hamtalisahau. Mmepiga kelele watu arobaini na watano, na hakuna hata mmoja aliyeona chochote. Nelly amesema peke yake, kwa sauti ndogo, na hiyo ndiyo iliyokuwa kweli. Siku nyingine mkimshuku mtu, anzeni kujipekua wenyewe."