Shimo la Sabini na Moja

Risasi ya kwanza ilipasua beseni la unga wa mahindi.

Ya pili ilipita karibu na sikio la Elikia, ikazama katika ukuta wa matofali. Soko la Kikula likalala chini. Wamama walijitupa juu ya nyanya zao. Mmoja aliita jina la Yesu, mwingine akatukana.

Elikia hakugeuka. Alikaza mafuta, pikipiki yake ya TVS ikanguruma, akaikunja kuingia uchochoro wa mafundi cherehani.

Nyuma yake Hilux nyeupe ilikuwa inavunja meza za watu. Aliyetoa bastola dirishani ni Jean-Claude, mkuu wa walinzi wa kampuni ya Minéraux Bleus. Likasi inamjua. Ndiye aliyewarushia wachimbaji gesi ya machozi wakiwa na jeneza mabegani. Wako wanaosema yale yamepita. Yamepita kwa nani?

Kifaa sikioni mwa Elikia kikakwaruza.

"Kalulu, unasikia?"

"Nasikia."

"Kisima kimekauka. Narudia. Kisima kimekauka."

Kalulu lilikuwa jina lake la kazi ya upelelezi. Kisima kimekauka maana yake ni hii: watu watauawa leo, usingoje ruhusa ya mtu.

"Wapi?"

Mama Alphonsine, mkuu wake pale Lubumbashi, alikuwa mwanamke asiyesitasita. Safari hii alisitasita.

"Mulungwa. Shimo la sabini na moja. Midi, saa sita kamili."

Pikipiki nusura imwangushe. Mulungwa ni machimbo ya watu wa koleo na sururu, nyuma ya Kakontwe. Na asubuhi ile, ndani ya shimo la sabini na moja, alikuwa ameingia Glody. Glody mdogo wake. Tumbo moja, titi moja.

"Mama, Glody iko mule."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimekuita wewe."

Maneno yaliyofuata yalikuja mafupi mafupi. Jirani na Mulungwa, kampuni ina shimo lake kubwa, na kila adhuhuri inalipua mwamba kwa baruti. Kabla ya kulipua, mashine ya baruti huiuliza kompyuta kuu ya kampuni: katika mashimo ya wachimbaji wa jirani, kuna watu wangapi? Kila mchimbaji hupitisha kadi mlangoni. Akiwemo hata mmoja karibu, mashine inajifunga.

"Basi itajifunga," Elikia alisema.

"Haitajifunga. Tumenasa simu ya Rask. Anasema kompyuta itajibu kwamba sabini na moja hamna mtu."

Rask. Mgeni mwenye pasipoti tatu na sura moja ya mawe, aliyewanunua watu wa kampuni. Kwa mwaka mzima Elikia alimfuatilia akivusha kobalti isiyo na alama kuelekea mpakani; ndiyo maana leo Jean-Claude alikuwa anamwinda. Sasa wachimbaji wa sabini na moja walikuwa wametoboa ukuta, wakatokea kwenye njia yake ya siri chini ya ardhi. Wameona magunia. Wameona sura. Mlipuko ukiwaangushia mwamba, ripoti itasema: kosa la kompyuta, pole kwa familia.

"Tuma watu babatoshe mule shimoni!"

"Barabara imefungwa na vijana wa Jean-Claude. Redio za mgodi zimekufa tangu asubuhi. Kompyuta yenyewe iko Kikula, nyuma ya kanisa la maombi. Uko karibu kuliko mtu yeyote. Kalulu?"

"Ndiyo."

"Fanya haraka, mwanangu."

Uchochoro ukabana. Hilux ikakwama kati ya nguzo ya umeme na kibanda cha fundi, milango haifunguki. Elikia alisikia Jean-Claude akitukana na kuvunja kioo ili atoke.

Kulikuwa kumebaki chini ya nusu saa.

Nyumba ya kompyuta, nyuma ya kanisa, ilikuwa na paa la bati na dishi la setilaiti. Kanisani waumini walikuwa katika maombi ya mchana, vipaza sauti vimepandishwa hadi bati linatetemeka. Vizuri. Hakuna atakayesikia bastola.

Mlinzi mmoja mlangoni. Elikia alimpiga kitako cha bastola yake ya Glock nyuma ya sikio, akamlaza polepole kama mtoto, akaingia na kusukuma komeo.

Ndani: baridi ya kiyoyozi, kabati la mashine zinazowaka taa za kijani, na kijana mwenye tai, jasho likimchuruzika.

"Yaya, usiniue! Minye niko muntu wa informatique, wa kompyuta tu!"

"Nani alikuambia minye niko yaya yako, dada yako? Jina?"

"Benoît."

"Njo weye uliandika hii programu?"

Benoît alitazama chini. "Ni minye."

Elikia alishika waya mkubwa wa umeme ukutani. Kama kompyuta ni mwongo, iuawe.

"Hapana! Usitoshe, usichomoe!" Benoît alimrukia mkono. "Rask alibadilisha mashine ya baruti. Ikikosa jibu, inatumika na jibu ya mwisho. Na jibu ya mwisho ni zéro!"

Elikia aliuachia waya kana kwamba ulikuwa nyoka.

Kuizima ni kuwaua. Kuiacha ni kuwaua.

"Fungua code."

Kijana alifungua kompyuta ya mkononi, ThinkPad. Elikia aliinama juu ya bega lake. Serikali ilimsomesha mambo haya miaka mitatu, na kwa mara ya kwanza alitamani angesoma mara mbili.

Kadi za wachimbaji zilikuwa salama kwenye diski, zote, pamoja na ya Glody. Kilichodanganya ni faharasa, ile sehemu ya kutafutia haraka. Benoît aliitengeneza kama safu ya vyumba vilivyopangwa mstari mmoja. Unataja nambari ya shimo, programu inaruka moja kwa moja hadi chumba chenye nambari hiyo, inasoma idadi ya watu. Inaruka bila kuangalia kama chumba kipo.

"Kwa nini haiangalie?"

"Langage yenyewe, luga ya programu, inaangaliaka. Minye njo nilitosha ile contrôle. Bakubwa balitaka vitesse, mbio."

"Vitesse ya kwenda wapi?"

Benoît alipangusa jasho kwa tai.

"Safu yako iko na vyumba ngapi?"

"Soixante-quatre, sitini na nne. Nilizunguka site minye mwenyewe. Mashimo yenye kufunguliwa ni soixante-quatre."

"Na ya Glody ni ngapi?"

"Sabini na moja. Lakini ile ni jina tu, yaya."

Jina tu!

Elikia alihisi hasira ikimpanda kutoka magotini. Mtoto wa wachimbaji hawezi kukosea jambo hili. Mulungwa, shimo likiua, hufukiwa. Wamama hunyunyiza majivu, wanaume huweka jiwe, na nambari huenda na wafu. Haipewi shimo jingine. Utamwitaje mtoto mchanga jina la aliyelala chini bila hata kuomba? Nambari saba zimefungwa hivyo. Shimo la tisa lilimfunika mchimbaji Philippe na mkwewe wiki ya Pasaka. La thelathini lilikula watu wa nyumba moja, hakuna hata afisa mmoja aliyekuja na shada.

Benoît alikuwa amehesabu mashimo yaliyo hai na kuwaacha wafu nje. Safu yake ilikomea sitini na nne. Ilipoulizwa sabini na moja, programu ilitoka nje ya safu, ikachungulia kumbukumbu ya jirani, ikasoma takataka iliyokuwa imelala pale. Ilikuwa sifuri.

Tangu enzi za Wabelgiji, mji huu wa Likasi ukiitwa Jadotville, hesabu ya hapa ni ileile. Tani zinapimwa hadi gramu. Watu wanakisiwa.

"Ulijua?"

"Niliona wiki iliopita. Nilimuonyesha Rask. Aliniambia: usiguse."

"Na weye haukugusa."

"Niko na mutoto, yaya..."

"Bale ba chini nabo biko na batoto. Andika!"

Kishindo mlangoni. Komeo likaruka nusu.

"Elikia!" Ilikuwa sauti ya Jean-Claude, pumzi zimemwisha. "Toka mule! Minye sina matata na weye!"

"Ndiyo maana ulinipigia risasi sokoni, chef?"

"Mutoto ya creuseur, ya muchimbaji! Balikupa kitambulisho, njo unajiona État, unajiona serikali?"

"Ingia basi. Mulango iko yako."

Elikia alisukuma kabati la chuma la mafaili hadi mlangoni, akapiga magoti nyuma yake. Glock ilikuwa na risasi nne. Bila kugeuza shingo alimwambia Benoît:

"Kila fasi programu inaruka kwenye safu, weka ulinzi. Nambari ikipita mwisho, ikatae. Isichungulie. Iseme haijui."

Vidole vikaanza kugonga. Risasi zikapita mlangoni, moja ikachana mkono wa jaketi la Elikia na nyama kidogo. Akajibu kwa moja. Zikabaki tatu. Kanisani mchungaji alikuwa anamfukuza shetani kwa sauti ya radi, na waumini wanamsaidia.

"Nimeweka! Ninaanzisha upya!"

Mashine ya baruti iliuliza kila dakika. Wote wawili walitazama kioo.

Shimo 71. Nje ya safu. Ombi limekataliwa.

"Haidanganye tena!" Benoît akapiga makofi.

Mstari wa pili ukashuka.

Mashine ya baruti: hakuna jibu. Natumia jibu la mwisho: 0.

Makofi yakafia hewani.

Kukataa uongo hakukutosha. Rask alikuwa ameugeuza hata ukimya kuwa kifo. Ilihitajika idadi. Idadi ya kweli, kutoka chumba cha kweli. Na chumba chenyewe hakikuwepo.

"Adhuhuri bado dakika ngapi?" Elikia aliuliza.

"Inabaki dakika sita."

"Rekebisha safu. Iongeze."

"Hadi ngapi? Sabini na moja? Na kama kesho kuko ingine? Yaya, sijue ya mwisho ni ngapi!"

"Usihesabu mashimo! Ndani ya kadi, tafuta nambari kubwa kushinda zote. Jenga safu hadi pale. Bafu, bale benye kufa, nabo bapate vyumba vyabo. Bikae bitupu, lakini bikae!"

Benoît alimtazama. Kitu kikamfunguka usoni. Akarudi kwenye kibodi na kuandika kama mtu anayekimbiwa na basi.

Mlango ukapasuka. Mkono wenye bastola ukaingia, kisha bega.

Ukutani, karibu na mlango, kulikuwa na mtungi mwekundu wa kuzimia moto. Elikia alilenga, akafyatua.

Unga mweupe ukalipuka chumba kizima. Jean-Claude akakohoa, akafyatua hovyo, taa moja ya kabati ikafa. Elikia aliruka juu ya kabati, akamkamata kifundo cha mkono, akakipinda hadi kikalia. Bastola ikaanguka. Goti tumboni. Kiwiko shingoni. Pingu zikambana kwenye bomba la kiyoyozi.

"Utajuta," Jean-Claude alikohoa. "Rask iko na bantu kila fasi."

"Nyamaza. Bantu biko nakufa."

Alipapasa ndani ya lile wingu hadi kwenye meza. Benoît alikuwa mweupe kama mzimu, macho yamemvimba.

"Faharasa inajengwa upya," alinong'ona. "Asilimia arobaini."

Hamsini.

Kwa mbali, ving'ora vya mgodi vikaanza kulia. Ndiyo onyo la baruti.

Sabini.

Elikia alifikiri juu ya wanaume walio chini, vifua wazi, wanacheka maneno machafu, mmoja wao anaimba vibaya. Hawasikii king'ora. Chini hakuna kinachosikika isipokuwa chuma na jiwe.

"Ee Mungu," Benoît alisema, "tafazali, tafazali."

Mia.

Mashine ya baruti ikauliza.

Shimo 71. Watu waliomo: 23.

King'ora kikanyamaza. Adhuhuri ikaingia, ikakaa chumbani pamoja nao.

Kioo kikabadilika rangi.

Kufuli imefungwa. Kulipua kumesitishwa.

Benoît alilaza kichwa juu ya kibodi na kulia kwa sauti. Elikia hakumkataza. Alingoja dakika moja, nyingine, hadi mashine ilipouliza tena na tena, na kila mara jibu likarudi lilelile: ishirini na watatu.

Kifaa sikioni kikakwaruza.

"Kalulu?"

"Kisima kiko na mayi, Mama."

Upande wa pili Mama Alphonsine akapenga makamasi.

"Rask tumemkuta kwenye kizuizi cha barabara, Kakontwe, ndani ya Land Cruiser. Alikuwa anatazama saa. Sasa anaomba wakili na maji baridi."

"Mupe mayi ya moto."

Alichomoa diski yenye nakala ya kila kitu, code ya jana na ya leo, akaitia mfukoni. Kwa Benoît akasema:

"Wenzangu watakuja kukuchukua. Sema yote. Hata ile wiki ulinyamaza."

"Bataniua?"

"Sijue. Lakini sema."

Mulungwa, wachimbaji walikuwa wanatoka wakati jua linaanza kushuka, wekundu wa vumbi kuanzia nywele hadi vidole. Walimkuta mwanamke amekaa juu ya TVS kando ya njia, kitambaa kimefungwa mkononi. Alikuwa anawahesabu kwa midomo.

Wa mwisho alikuwa Glody, gunia begani.

"Eh, yaya! Bantu ba bureau, ba ofisi, nabo bikafika huku?" Akacheka, meno tu yakaonekana. "Uliniletea chakula?"

"Hapana."

"Basi ulikuja kufanya nini? Leo hata baruti yabo haikulia. Bavivu bale!"

Elikia alinyoosha mkono. Akampangusa vumbi usoni kwa kiganja, kwa nguvu, kama mama yao alivyokuwa anafanya.

"Nilipita tu," alisema.

Akapiga mguu pikipiki ikawaka, akashuka kilima bila kutazama nyuma.