Pumzi ya Zimwi

Kila alasiri shule ikifungwa, mafundi wa mtaa ule walimsikia Redio kabla ya kumwona. Redio lilikuwa jina la utani la binti wa fundi baiskeli, mwenye miaka kumi na mitatu na mdomo usiojua likizo. Alikuwa akifika kwenye karakana ya baba yake anatupa mkoba juu ya tairi kuukuu, anaamkia, kisha anamwaga habari zote za siku: nani kahamishwa dawati, nani kapewa adhabu, mwalimu gani kavaa soksi zisizofanana. Baba yake aliitikia "ehe" na "kumbe" huku akiziba pancha.

Lakini Jumanne moja Redio alifika kimya.

"Shikamoo, Baba," alisema, akakaa.

"Marahaba. Vipi leo, betri zimekwisha?"

"Nimechoka tu."

Fundi alimtupia jicho la pembeni. Huyu naye tangu lini akachoka kusema? Hakumhoji, akaendelea na kazi yake.

Sababu aliijua Redio peke yake, na ilianza Ijumaa iliyopita.

Dada yake mkubwa alikuwa mtengeneza sauti katika ofisi ndogo ya michezo ya kompyuta, vyumba vitatu juu ya duka la vitambaa. Mwaka uliotangulia walitoa mchezo wa kutisha ulioitwa Bweni la Mwisho. Mchezaji anajikuta amefungiwa katika bweni lililohamwa, ana tochi moja ambayo betri zake zinakwisha, na lazima ajifiche zimwi lisimpate mpaka aione njia ya kutokea. Watu waliupenda mno. Basi wakatengeneza nyongeza yake, Chini ya Bweni, na Dada akaitolea jasho miezi mitano.

Alirekodi bawaba za kabati, minyororo, hata bomba la jikoni linalovuja. Kilichomshinda ni pumzi ya zimwi. Mwishowe aliiazima pampu kuukuu ya baba yake, ile iliyochakaa ngozi ya ndani, ambayo ukiivuta polepole inakoroma kama mtu mwenye pumu. Baba aliambiwa tu kwamba pampu inahitajika ofisini. Siri yenyewe waliijua watu watatu: Dada, Redio, na mchoraji wa ofisini aliyekuwa rafiki wa Dada, chanda na pete.

"Isitoke hapa," Dada aliwaambia. "Mchezaji akishajua kwamba zimwi ni pampu, ataogopa nini tena?"

Ijumaa hiyo wahakiki wakatoa maoni yao. Mmoja anayesomwa na wengi aliandika: "Mchezo wa kwanza ulinitoa jasho. Nyongeza yake imenitoa miayo." Akaipa nyota mbili kati ya tano. Dada alijifungia bafuni, akafungulia maji ili asisikike akilia. Redio, upande wa pili wa mlango, alimsikia barabara, na roho ikamuuma.

Kesho yake mchana, watu walipokuwa wamejinyoosha, Redio alikaa mbele ya kompyuta ya nyumbani. Aliingia kwenye tovuti ile ya wahakiki, mahali ambapo wachezaji nao huandika maoni yao, akajigeuza watu watano. Jicho la Popo alitoa nyota tano. Mzee wa Ngazi naye nyota tano, akaapa kwamba hajalala siku nne, ingawa nyongeza ilikuwa na siku mbili tu tangu itoke. Wa mwisho, Tochi Moja, alinogewa kupita wote: "Na mjue kwamba ile pumzi ya zimwi ni pampu mbovu ya baiskeli. Huo ndio ubingwa!"

Mtu akinogewa na uongo hujisahau namna hiyo hiyo.

Jumatatu tovuti iliweka alama nyekundu juu ya mchezo, na maneno haya: "Tunashuku kwamba watengenezaji wanajisifu wenyewe." Jioni Dada alirudi nyumbani uso umemvimba.

"Kuna mtu ametupaka matope," alisema mezani. "Habari ya pampu pale ofisini tunaijua wawili. Mimi sikuandika. Amebaki nani?"

"Si rafiki yako huyo?" Baba aliuliza.

"Nilidhani ni rafiki. Naye anamwambia kila mtu kwamba ni mimi, eti najipamba kwa sababu sauti zangu zimeharibu mchezo. Tunakaa chumba kimoja, Baba, na leo kila mmoja amegeuza kiti ampe mwenzake mgongo. Mkurugenzi amesema ikifika Ijumaa hajajitokeza mtu, sote wawili hatuna kazi." Kisha akamgeukia Redio. "Na wewe? Hukumwambia mtu habari ya pampu?"

"Sikumwambia mtu," Redio alijibu, macho kwenye sahani.

Na kweli hakumwambia mtu mmoja. Alikuwa ameutangazia ulimwengu mzima. Dada alimkazia macho kidogo, kisha akaendelea kumshuku rafiki yake.

Ndiyo maana Jumanne ile Redio alikaa karakanani kimya. Alikuwa na mpango wake, nao ulikuwa wa kusubiri. Labda mchoraji angeonekana ndiye, mambo yakaisha, Dada akabaki na kazi yake. Alipokuwa bado anajipa moyo hivyo, mchoraji mwenyewe akatokea, anasukuma baiskeli yenye pancha.

Siku nyingine angemtania Redio kwanza. Leo alisimama nje ya kizingiti, macho mekundu.

"Shikamoo, Mzee. Nizibie, tafadhali. Najua hapa kwenu sipendwi tena."

"Marahaba. Nani kasema?"

"Binti yako anadhani mimi ni mwongo."

"Binti yangu hakuandika yale maneno," fundi alisema taratibu. "Namjua."

"Na mimi sikuyaandika. Miaka mitatu tumekula sahani moja, leo ananitazama kama mwizi."

Fundi aliziba tundu, akaichukua ile pampu kuukuu, iliyokwisha kurudishwa kutoka ofisini, akaanza kujaza upepo. Kooorr, haaa. Kooorr, haaa. Wote watatu wakaisikiliza pumzi ya zimwi mchana kweupe.

"Kama si yeye, na si wewe," fundi alisema bila kuinua kichwa, "basi kuna wa tatu." Akaendelea kupiga pampu.

Hakumtazama Redio. Binti yake angeweza kunyamaza, na mchoraji angepanda baiskeli yake akaenda zake. Lakini Redio aliyaona yale macho mekundu, akakumbuka maji ya bafuni, akajua kwamba safari hii anayelizwa ni mwingine, na anayeliza ni yeye.

"Ni mimi," alisema. "Wote watano ni mimi."

Pampu ilinyamaza. Mchoraji aliketi chini palepale, juu ya tairi. Fundi alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Chukua mkoba wako," alisema. "Hayo utakwenda kuyasema wanapotakiwa kuyasikia."

Ofisini Mkurugenzi, mama mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba, alimsikiliza mpaka mwisho. Dada alisimama dirishani, uso umemsawajika. Alimtazama mdogo wake, akamtazama mchoraji, halafu akainama.

"Kwa nini ulifanya hivyo?" Mkurugenzi aliuliza.

"Nilitaka Dada asilie."

"Umeucheza huo mchezo?"

"Ndiyo, wote."

"Sasa niambie mimi, si Mzee wa Ngazi. Uliogopa?"

Redio alimwangalia dada yake. Hili lilikuwa gumu kuliko kukiri.

"Hapana," alisema. "Pumzi inasikika tangu mlango wa kwanza. Haikomi. Kila mara nilijua zimwi lilipo, nikaizoea. Mwishoni nilikuwa natafuna karanga."

Dada aliuliza polepole, "Mbona hukuniambia tangu siku ya kwanza?"

"Niliogopa ungeumia."

"Nimeumia hivyohivyo, na rafiki nimemkosea."

Siku hiyohiyo Redio aliyafuta maoni yote matano, akaandika moja kwa jina lake la Redio: kwamba yeye ni ndugu wa mtengeneza sauti, kwamba amedanganya, na kwamba anaomba radhi. Baba yake alilisoma kabla halijaenda. Tovuti iliiondoa ile alama nyekundu, na Mkurugenzi hakumfukuza mtu. Dada alimwomba mchoraji msamaha mbele ya ofisi nzima, wakasameheana, ingawa chai ya pamoja ilichukua wiki mbili kurudi. Redio naye alipangiwa kuosha minyororo ya baiskeli karakanani mwezi mzima, na aliosha.

Dada akaitengeneza upya sauti ya pumzi. Mwezi ulipokwisha, alimweka Redio kwenye kompyuta sebuleni, akamvisha spika za masikioni, akakaa nyuma yake na mchoraji. Redio aliingia chini ya bweni. Hakusikia kitu. Mlango wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Alianza kugeuza tochi huku na huku, viganja vinamtoka jasho. Zimwi liko wapi? Alipofika kwenye ngazi, pumzi moja tu ilimkoromea sikioni, kwa nyuma.

Redio alianguka na kiti chake. Mchoraji alicheka mpaka akashika mbavu, Dada akamwinua mdogo wake, akamkumbatia.

"Haya, maoni yako?" alimuuliza.

Redio alifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

"Hii ndiyo mara ya kwanza nakuona huna la kusema," Dada alisema. "Siku ile uliniandikia sifa za watu watano, na hakuna hata moja iliyonifaa, ila karibu tupoteze kazi na urafiki. Neno lililonifaa ni lile moja uliloogopa kuniambia, kwamba ulikuwa unatafuna karanga. Mtu anayekupenda akuambie ukweli mapema, mdogo wangu, kabla wengine hawajakuambia kwa kukucheka."

"Nimesikia, Dada," Redio alisema, moyo bado unamwenda mbio. Kisha akaongeza, "Lakini ule mlango wa pili unafunguka polepole mno."

Dada alivuta daftari, akaandika.