Filta Yenye Mipira Miwili

Pikapu ilikohoa kwa mara ya kwanza ikiwa katikati ya uwanda, mahali ambapo hata mbuzi angesimamisha gari kuomba lifti. Ikakohoa tena, ikavuta pumzi kama mtu mnene anayepanda ngazi, ikanyamaza. Magurudumu yakabingirika kidogo, kwa adabu tu, kisha yakasimama.

"Imezima," alisema Redio.

"Asante kwa taarifa ya habari," alijibu Kinyozi, mikono bado iko kwenye usukani.

Redio alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kukiona kitufe cha kumzimia. Kinyozi naye alikuwa kinyozi kweli, mwenye kiti kimoja na kioo chenye ufa, ila mikono yake ilikuwa na kiherehere: ikimaliza kichwa cha mteja, inatafuta kitu kingine cha kufungua. Na katikati yao, amekaa wima na mkoba mapajani, alikuwa mama mkwe, fundi cherehani.

Mke wa Kinyozi alikuwa amejifungua upande wa pili wa uwanda, kwenye zahanati ambako dada yake mkubwa ni mkunga. Mama mkwe alikuwa anakwenda kumwangalia mzazi. Kinyozi alikuwa anakwenda kumwona mtoto wake wa kwanza, ambaye mpaka siku hiyo alimjua kwa kilio tu, kupitia simu. Daraja la barabara kuu lilikuwa limefungwa kwa matengenezo, ndiyo maana wakashika njia ya zamani, njia ambayo magari yaliisahau na mchanga ukaikumbuka.

Sasa, kuhusu Kinyozi na mama mkwe. Tangu aoe, hakuwahi kumtazama mama huyo usoni. Alimheshimu kupita kiasi. Akimwamkia, anaviamkia viatu. Angeweza kukuchorea viatu vyote vya mama mkwe mpaka vifundo vya kamba zake, lakini ukimuuliza uso wake ukoje, angekwambia tu kwamba upo.

Heshima hiyo hiyo ndiyo iliyoharibu safari. Kabla ya kuondoka, Kinyozi alibadilisha filta ya dizeli kwa mikono yake mwenyewe. Filta hiyo ni kopo linalojifunga kwa nyuzi za skrubu chini ya kichwa cha chuma, na katikati hukaa mpira wa duara wa kuzuia mafuta yasivuje. Alipolitoa kopo la zamani, mpira wake ulibaki umeganda kwenye kichwa. Filta mpya ilikuja na mpira wake. Mtu mwingine angeubandua ule wa zamani. Kinyozi aliutazama, akafikiria nani atapanda gari hilo, akasema moyoni: mama mkwe huyo, mmoja hautoshi. Akafunga mpira juu ya mpira, akakaza, akapangusa mikono akijiona mtu wa maana.

Alipofungua boneti pale uwandani, kopo lilikuwa limelowa na vumbi limeshikana nalo kama unga. "Inavuja hapa," alisema. "Inavuta upepo, unaingia kwenye mafuta. Injini haili hewa." Akaanza kupiga pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta ili asukume dizeli. Dizeli ikasukumika kweli. Ikapita pembeni mwa mpira, ikamrukia machoni.

Akapiga kelele, akajisugua kwa mkono uliokuwa umetoka kushika mchanga. Hapo ndipo hasa alipojiumiza. Alianguka magotini, na kila alipofumbua, ilikuwa kama mtu anamkwaruza mboni kwa msasa.

"Usisugue!" Mama mkwe alikuwa ameshashuka. "Redio, dumu la maji!"

"Mama, ndiyo maji ya kunywa hayo."

"Nimekuomba maelezo?"

Walimlaza, mama mkwe akamfumbua kope kwa vidole na Redio akamimina polepole. Maji yaliingia machoni, yakashuka masikioni, mchanga ukayanywa bila hata kushukuru. Walipomaliza, dumu lilikuwa jepesi kiasi cha kutisha. Kilichobaki hakikujaza hata chupa moja. Mama mkwe alichana ukingo wa mtandio wake, akamfunga macho.

Redio akaingia kwenye usukani na kujaribu stata. Akajaribu tena. Akajaribu kwa kubembeleza na kwa kutukana, mpaka betri ikawa inatoa sauti ya mtu anayetafuna mkate mkavu.

"Shemeji, acha!" Kinyozi alipiga yowe. "Utaiua betri!"

Alikuwa ameshaiua.

"Basi natembea," alisema Redio, akatazama simu isiyo na mtandao. "Nakwenda kutafuta watu."

"Upande gani?" aliuliza mama mkwe.

"Wa mbele."

"Mbele ni wapi?"

Redio alinyoosha kidole, akasita, akakihamisha. Uwanda ulifanana pande zote, jua limekaa juu ya utosi wala halisaidii.

"Hakuna mtu anayetoka kivulini," alisema mama mkwe. "Njia ni njia, gari litapita."

Halikupita. Walikaa chini ya pikapu mpaka bati likapoa, wakalala wamebanana ndani, baridi ikawapekua mpaka mifupani. Kulipopambazuka, midomo ya Redio ilikuwa imepasuka na maneno yake yamepungua. Hilo ndilo lililomtisha mama mkwe kuliko kitu kingine chochote. Alikuwa anagawa maji kwa kifuniko cha chupa. Siku hiyo akawanywesha wao wawili, akajipitishia kifuniko mdomoni kikiwa kitupu. Redio alimwona.

"Mama, hujanywa."

"Nimekunywa. Macho yako yana njaa."

Kinyozi alisikia. Alikaa gizani nyuma ya kile kitambaa akifikiria kilio cha kwenye simu. Akajiuliza kama macho yatapona, na kama atafika kwa mtoto yakapate cha kutazama. Kisha akasema, "Shemeji, tutengeneze. Mimi nasema, wewe unafanya."

Tatizo lilikuwa mikono ya Redio. Mtu alikuwa na kiganja kama sufuria ya shughuli. Filta ilikuwa imejibana kati ya betri na ukuta wa injini, na kila alipoingiza mkono uliishia kwenye kifundo. Alisukuma mpaka ngozi ikachubuka.

"Haiingii. Wangetengeneza gari kwa ajili ya paka, wangetuambia mapema."

Mkono wa nani ulibaki, wote walijua. Kinyozi akajikohoza. "Mama, naomba radhi… kama haitakuwa usumbufu… labda, kwa hisani yako…"

"Mwanangu," alisema mama mkwe, akikunja mikono ya gauni, "tukingoja umalize kuomba radhi, tutakuwa mifupa. Sema nishike nini."

"Kopo. Lifungue. Kulia kwenda kushoto."

Halikufunguka. Kinyozi akavua mkanda wake wa suruali, wakalizungushia kopo na kulibana kwa spana. Mama mkwe akavuta, akaegemea, akavuta tena. Kopo likatoa mlio mfupi, likalegea. Akalitoa bila kulimwaga, likiwa na dizeli yake, kisha akapapasa juu kwa vidole vilivyozoea kutafuta sindano iliyodondoka.

"Mkwe, huku juu kuna mpira mwingine."

"Ndiyo, mama. Niliuacha makusudi."

"Kwa nini?"

Kinyozi akameza mate ambayo hakuwa nayo. "Kwa sababu nilikuwa nakubeba wewe."

Redio alifungua mdomo. Kituo kilikuwa kimekosa matangazo.

Mama mkwe aligeuza kopo kwenye mwanga. "Huu mpya umetoka nje kama ulimi, na umekatika. Mpira juu ya mpira hauna pa kushika, ukiubana huku unakimbilia kule. Mimi nikitia bitana mbili kwenye kola inajipinda, na mteja anarudi kunitukana."

"Basi tumekwisha," alisema Kinyozi. "Mpya ndio huo uliokatika."

"Wa zamani ni mzima. Umelala tu, umekuwa bapa."

"Bapa hautabana."

Mama mkwe alifungua mkoba. Ndani mlikuwa na vazi la mtoto ambalo hajalimaliza na kibiringo cha uzi. Aliutoa mpira mpya uliokatika, akaubandua wa zamani, akaupangusa, akaugeuza upande ambao haujachoka. Kisha akazungusha uzi ndani ya mfereji wa kopo, duru baada ya duru, akiulaza kama anapiga pindo. Juu yake akaukalisha mpira, nao ukasimama juu kidogo ya ukingo.

"Umeinuka," alisema. "Sasa?"

"Upake dizeli usikwaruzike. Ufunge kwa mkono tu mpaka uguse, halafu ongeza robo tatu ya mzunguko. Usikaze kwa hasira."

"Hasira nimeweka akiba ya kukupa wewe."

Ikabaki kutoa upepo. Redio alilegeza skrubu ndogo ya juu ya filta, akapiga pampu kwa kidole gumba, mama mkwe akaangalia.

"Yanatoka mapovu."

"Endelea, shemeji."

"Kidole kimekufa."

"Una kingine."

Mapovu yalikohoa, yakatema, yakapungua, mpaka dizeli ikatoka nyororo bila povu. Skrubu ikakazwa. Mama mkwe akapitisha kipande cha kitambaa kuizunguka filta yote, akakitoa kikavu. Alimwekea Kinyozi kile kitambaa mkononi akipapase mwenyewe.

Lakini betri ilikuwa marehemu. Mbele yao njia iliteremka kuelekea mto mkavu, mteremko mfupi. Gari lingekosa kuwaka hapo, lingeishia kwenye mchanga wa mto na wao pamoja nalo.

"Tunasukuma," alisema Kinyozi. "Nguvu ni yangu na ya shemeji. Mama…"

"Sijawahi kuendesha gari."

"Umewahi kuendesha cherehani. Kanyagio la kushoto likanyage mpaka chini. Gia nimeshaiweka ya pili. Nikisema achia, achia."

Walisukuma. Kinyozi haoni, suruali bila mkanda inamshuka, mkono mmoja kwenye bati na mwingine kiunoni. Redio anatweta, damu ya mdomo inamdondokea kidevuni. Pikapu iligoma, ikasogea, ikaanza kuteremka. Kinyozi alisikiliza mchanga chini ya magurudumu ukibadilika sauti.

"Achia!"

Gari lilipigwa na mshtuko kama limekanyagwa mkia. Likarukaruka, likatema moshi mweusi. Kisha likanguruma.

"Usiliache lizime!" alipiga kelele Kinyozi. "Mafuta! Kanyaga la kulia!"

Mama mkwe alitii mno. Akauvuka mto mkavu, akapanda ng'ambo na kuanza kuzunguka duara pana, uso umekaza. Redio alimburuta shemeji yake kwa mkono. "Panda! Panda anapopita! Hajui kusimama!"

Walirukia nyuma kama magunia. Redio akagonga paa. "Mama, fuata njia! Jua liwe mgongoni!" Baadaye alipenyeza kichwa dirishani, akaomba apokee usukani.

"Nani alimaliza betri?" aliuliza mama mkwe. Hakuuachia.

Walifika zahanati kwa gia ya pili, wakasimama kwa msaada wa lundo la mchanga wa ujenzi. Mkunga alitoka mbio. Aliwanywesha kidogo kidogo, akasafisha macho ya Kinyozi, akayafunga upya. "Yamekwaruzika," alisema. "Tusubiri."

Katika siku hizo za kusubiri, Kinyozi alimbeba mwanawe bila kumwona, akahesabu vidole kwa kupapasa, akamnusa kichwa. Mkewe alitaka kujua gari lilikuwa na nini. Redio, aliyekuwa amerudi hewani kwa nguvu zote, alieleza kwa kirefu, na sehemu ya suruali aliirudia.

Siku bandeji ilipotoka, mwanga uliingia kwanza, mkali. Halafu ukungu. Halafu uso umeinama karibu yake: wa duara, umechomwa na jua, kidevuni kuna doa jeusi la mafuta ya gari lililogoma kutoka. Kwa mazoea, Kinyozi aliteremsha macho kwenye viatu.

Mama mkwe akamshika kidevu kwa vidole viwili, akakiinua, jinsi Kinyozi anavyowainua wateja wake kitini.

"Nitazame. Unaona?"

Alimtazama. Alichukua muda wake.

"Naona, mama. Una mwanya."

"Mwanya upo siku zote." Akamlaza mtoto mikononi mwake, ndani ya vazi ambalo pindo lake lilikuwa limeishiwa uzi. "Haya, mtazame na huyu. Na usianzie miguuni."