Harufu ya Mtoto wa Ruiru

"Mtoto ana miezi mingapi?" Kamene aliuliza.

Kiama hata hakuwa ameketi. Alikuwa mlangoni mwa chumba cha Kamene pale Makongeni, ametoka kanisani, mkononi ana gunia dogo, anatabasamu.

"Mtoto gani?"

"Wa Ruiru. Wako na Shiko."

Tabasamu likamtoka. Kamene alikuwa amevumilia wiki tatu nzima. Kila jioni mchumba wake akipita kumsalimia, nguo zake zilinuka gripe water, ile dawa wanayonyweshwa watoto wachanga tumbo likiwasokota. Harufu hiyo hangeikosea hata usingizini, kwani alimlea mtoto wa dadake Mwendwa mwaka mzima. Mwanzoni alijiambia ni sabuni. Kisha Jumatano simu ya Kiama ikawaka mezani: "Kesho fika Ruiru mapema, usichelewe tena. Shiko." Kiama alikuwa karani wa ofisi hapa hapa Thika. Ruiru alifuata nini?

Na Jumamosi wazee wa Kiama walikuwa waende Matuu, kwa kina Kamene, na mbuzi watatu wa ntheo. Mbuzi hao wakishapokelewa, kwa Wakamba maneno yamekwisha, wewe ni mke wa mtu. Asubuhi hiyo Kamene alimwandikia mamake: "Mama, mwambie mjomba Mbaluka asipokee mbuzi za Kiama. Nitakueleza." Tangu hapo mama alikuwa amepiga mara tano, na Kamene hakushika. Alideki chumba mara mbili, akaosha vyombo visivyo na uchafu, akaketi, akainuka.

"Sina mtoto," Kiama alisema.

"Unanuka mtoto. Hata sweta yako inanuka mtoto."

Kiama akachuchumaa kizingitini na kufungua gunia. Akatoa kitu kama kitunguu kilichonenepa, cheupe, na majani membamba kama ya karoti. Akachukua kisu cha Kamene, akakipasua katikati.

Harufu ikampiga Kamene puani, ile ile. Akashika mlango.

"Inaitwa feneli," Kiama alisema bila kuinua macho. "Inapelekwa ng'ambo. Kuna shedi huko Ruiru, nakata mizizi na majani tangu asubuhi hadi jioni. Shiko ndiye supavaiza wetu. Huyo mama ako na wajukuu."

"Na ofisi?"

"Walitupunguza. Huu ni mwezi wa pili."

"Miezi miwili unaniaga ukisema unaenda ofisi."

"Wewe ndiye ulimwambia mjomba wako mimi ni wa ofisi. Ukaniambia hakuna msichana wa kwenu ameolewa na mtu wa kibarua. Ukacheka. Mimi sikucheka, Kamene."

Kamene alikumbuka. Alikumbuka hata mahali walipokuwa wameketi. Hasira yake ilikuwa bado moto, ila sasa hakujua aimwagie nani, na aibu ikamshika.

Kiama akaendelea kukata, maana mikono yake haikuweza kutulia. Alisema alikuja leo kusudi, aseme ukweli kabla ya Jumamosi, na alidhani itakuwa rahisi wakiwa wanakula. Vibarua huruhusiwa kubeba feneli zilizokataliwa, na Shiko alikuwa amemfundisha jinsi ya kuzichoma. Akawasha jiko barazani. Akapaka vipande mafuta na chumvi, akavipanga kwenye sufuria, akafunika, akapalia makaa juu ya mfuniko kama mtu anayeoka keki. Kamene alisimama, akaketi, akasimama tena. Alitaka kumfukuza, na aliogopa kwamba angeenda kweli.

Taratibu harufu ikabadilika. Ile dawa ikapotea, ikaja harufu tamu ya kitunguu kinachokaribia kuungua. Mfuniko ulipoondolewa vipande vilikuwa laini, kingo zimegeuka hudhurungi. Kamene akaonja kimoja, akachukua cha pili kabla hajameza cha kwanza.

Simu ikalia mara ya sita. Safari hii alishika, akaweka spika.

"Mama, mwambie mjomba apokee mbuzi."

"Asubuhi umesema asipokee."

"Nilikosea. Lakini mwambie pia Kiama si wa ofisi. Anakata mboga kwa shedi Ruiru. Ni kibarua."

Kiama aliganda, koleo la makaa mkononi.

"Mbaluka mwenyewe alichota mchanga mtoni miaka kumi na miwili," mama alisema. "Atauliza kijana anarudi nyumbani na nini, si anafanya kazi gani. Waje mapema, jua la huku mnalijua."

Simu ikakatika. Kamene akajifuta macho kwa kiganja chenye mafuta. Alimwambia Kiama akimdanganya tena, hata kwa jambo dogo, mbuzi watarudi kwa wazee wake Ngoingwa kwa miguu. Kiama akakubali. Wakala, sufuria katikati yao.

"Huyo mtoto wangu," Kiama aliuliza, "ulikuwa umempa jina?"

"Njau, kama babako. Si kwenu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu yake? Nimelia na hilo jina tangu Jumatano."

Kiama akamsogezea kipande cha mwisho.

"Basi usilitupe," akasema.