Nani Amezichanganya Kadi Zangu?

Mshika moja, zote humponyoka. Wahenga walisema kinyume, lakini wahenga hawakuwahi kukaa mbele ya darubini huku msimamizi wa mtihani akiwapumulia shingoni. Nthenya alikaa, akaanguka mtihani. Mwaka huo wa tisini na nane alibakishiwa nafasi moja tu ya kurudia. Akipita, hospitali moja ya Kisumu ingemwajiri katika maabara yake. Akianguka tena, chuo kingemfungia mlango na hadithi yake ya utabibu ingeishia hapo.

Jumamosi moja alitoka kwao Kaloleni akaingia Soko la Burma kununua nyama. Gauni lake la manjano lilikuwa na marinda, nywele amezisuka na kuzifunga kisogoni, na harufu ya mbavu zilizokuwa zikichuruzika mafuta juu ya makaa ilimpandisha mate kabla hajachagua bucha. Alisimama kwenye ile iliyokuwa na watu wengi zaidi.

"Nipimie mbuzi kilo mbili. Si huyo kondoo wako."

Kijana mwenye koti jeupe na gambuti aligeuka, shoka mkononi. "Kondoo? Dada, si uangalie mkia!"

"Mkia nimeuona. Hata mimi ukinishonea mkia nitakuwa mbuzi?"

Wateja wakaangua kicheko. Mzee Githinji, mwenye bucha na baba wa kijana huyo, alicheka mpaka akaegemea mizani.

"Mbuzi tunamwachia mkia mpaka mwisho, ndio mteja ajue ni yeye," kijana alijitetea. "Ukikatwa, hata mimi niliyezaliwa buchani nitabahatisha."

"Basi pima. Unaitwa nani, bwana mkia?"

"Muturi. Na wewe, bibi ulimi?"

"Nthenya."

Alimkatia kipande cha kuonja, kimoto, kimepakwa chumvi. Nthenya alikipokea kwa mkono mmoja. Wa pili ulishika vipande vya boksi alivyoviandika kwa kalamu: swali upande huu, jibu upande ule. Midomo yake ilikuwa ikicheza kimya.

"Unaomba au unaroga?"

"Nasoma. Nina mtihani."

Macho ya Muturi yaliwaka. "Njoo nyuma nikuonyeshe kitu."

"Nyuma ya bucha? Unaniona ng'ombe?"

"Mlango utakaa wazi, na mzee yuko hapa!"

Nyuma, chini ya karatasi ya nailoni iliyozuia moshi, kulikuwa na kompyuta kuukuu yenye maandishi ya kijani. Mzee aliinunua kwa ajili ya hesabu za nyama. Muturi, aliyekuwa akisomea kompyuta jioni mjini, alikuwa ameitungia programu ya kadi za kujipima.

"Swali linatokea. Unajibu moyoni, unabonyeza, jibu linakuja. Ukilijua, kadi inaenda mbali. Usipolijua, inarudi kukusumbua kama konda anayedai nauli."

"Na zangu zote zitakaa rundo moja?"

"Hapana. Kila somo lina fungu lake. Wewe ndiye utakayepanga."

Nthenya akasahau nyama. Alivuta kiti, akafungua mafungu manne: Damu, Vimelea, Bakteria, Kemia. Siku hiyo na jioni nyingi zilizofuata, mlango ukiwa wazi na mzee akikohoa makusudi, waliingiza kadi moja baada ya nyingine.

"Malaria tumweke wapi?" Muturi aliuliza. "Anaishi kwenye damu."

"Anaishi kwenye damu lakini ni kimelea."

"Kwa hiyo tumweke kwa mwenye nyumba au kwa mpangaji?"

"Weka kwa ukoo wake! Vimelea. Na usinichekeshe, nimebonyeza vibaya."

Kufikia mvua za masika, kicheko kilikuwa kimeshageuka kitu kingine. Nthenya alizoea kupiga simu kutoka kibanda cha karibu na ukumbi wa Kaloleni.

"Bucha. Nani mwenzangu?"

"Malaria."

"Malaria gani?"

"Ile iliyokuingia kwenye damu."

"Wacha niugue basi," Muturi angesema, na wateja wangepiga kelele kwamba matumbo yanaungua.

Lakini mchinjaji ana jicho. Muturi aligundua kwamba ndani ya fungu la Vimelea, Nthenya alijibu hata kabla hajamaliza kusoma swali. Alijua tu kwamba jibu litakuwa mmoja wa wadudu wale wale. Akimrushia swali hilo hilo wakati wanakula mbavu, Nthenya alisita, akataja bakteria, akakasirika. Muturi aliingiwa na hofu. Mtihani ulikuwa unakaribia. Akafikiria kumwambia, akakumbuka ule ulimi, akanyamaza. Nthenya alipoomba nakala ya kutumia chuoni, Muturi alivunja mafungu yote manne, akazikoroga kadi, akazitia kwenye fungu moja aliloliita Zote. Akampa diski na busu la shavuni.

Chuoni, Nthenya aliketi kwa madaha mbele ya kompyuta, wenzake wamemzunguka. Kanyiva, binamu yake aliyeishi naye chumba kimoja Kaloleni, alikuwa begani kwake. Skrini ikafunguka. Hakukuwa na Damu. Hakukuwa na Kemia. Swali la kwanza, akakosa. La pili, akakosa. Kufikia la nne, akaisukuma kibodi mbali.

"Nani amezichanganya kadi zangu?"

"Nani mwingine anazigusa?" Kanyiva alisema polepole. "Na wewe hujiulizi? Ukipita, unaenda Kisumu. Ukianguka, unabaki Burma ukimwoshea matumbo."

Nthenya hakuhitaji zaidi. Akakimbilia kibanda cha simu.

"Bucha. Nani—"

"Umezifanya nini kadi zangu?"

"Mpenzi, nisikilize kwanza."

"Kumbe ni wewe!"

Akakata simu. Alishuka Burma na blauzi yake nyekundu kama bendera ya vita. Bucha ilifurika.

"Mwizi huyu!" alisema, na mashoka yote yakatulia. "Nimepanga kazi yangu miezi yote hii, yeye ameivuruga nianguke nisiende Kisumu. Mzee, mwanao ni mwizi!"

Uso wa Muturi ulibadilika rangi. "Nthenya, si hivyo. Yale majina ya masomo juu ya kadi ndiyo mkia. Unamjua mbuzi kwa mkia! Nimekata mkia ujue kama unamjua mbuzi mwenyewe. Mtihani hautakuandikia juu kwamba hiki ni kimelea."

"Uliniuliza?"

"Ungekataa."

"Uliniuliza, Muturi?"

Muturi aliingia nyuma, akarudi na diski nyingine. "Yote manne yamo humu, kama ulivyoyapanga. Sijafuta kitu. Na Kisumu nataka uende. Nilitaka ufike, basi."

Nthenya akaipokea diski, macho makavu. "Kaloleni usikanyage."

Kesho yake chuoni, alianza na diski ya yale mafungu manne. Majibu yalimjia kama maji ya mfereji. Kanyiva akampongeza. Lakini Nthenya hakufurahi. Aliziba jina la fungu kwa kiganja, kama mtoto anayejificha kwa kufumba macho, na bado alijua yumo ndani ya Vimelea. Alijua kwamba anajidanganya. Akaichomoa diski, akaichomeka ile iliyochanganywa, huku akimtukana Muturi kwa Kikamba, kimoyomoyo na kwa utulivu mkubwa.

"Unafanya nini?" Kanyiva alishangaa. "Si hiyo ndiyo ya hila?"

"Ya hila au si ya hila, haitanishinda."

Alikosa, akarudia. Alikosa tena, akarudia. Kemia ikaja nyuma ya damu, bakteria akaruka mbele ya malaria, na taratibu kila kimoja kikaanza kuwa na sura yake, bila jina la ukoo kukitangulia. Hakumpigia Muturi. Kila alipopita karibu na kibanda cha simu, alitazama upande wa pili wa barabara, akachukia jinsi moyo ulivyomdunda.

Siku ya mtihani, sinia za vioo zilikuwa na namba tupu. Nthenya aliinama kwenye darubini. Chembe za damu, nyekundu, zimejaa tele. Mwanafunzi wa mbele yake aliandika haraka na kuondoka. Yeye hakuondoka. Akasogeza kioo polepole, akatazama tena, akamwona: mwembamba, amejipinda kama utepe, katikati ya damu isiyo na habari. Kimelea cha malale! Alitaka kupiga kigelegele. Aliandika jibu, kalamu ikikwaruza.

Matokeo yalipobandikwa, alilisoma jina lake, akalisoma tena, akamkumbatia Kanyiva mpaka miwani ikamdondoka binamu huyo. Kisha akakimbia. Akaingia Burma akihema, jasho likimtiririka, marinda yamekunjamana.

"Nimepita!"

Muturi aliangusha kisu. Aliruka kaunta kwa gambuti zake na kumnyanyua juu, damu ya ng'ombe ikachafua gauni la manjano, na wateja wakapiga makofi kama wako harusini.

"Niteremshe, wewe!"

"Nisamehe," Muturi alimwambia, bado amemshika. "Kadi zilikuwa zako. Nilipaswa kukuuliza. Nilikuwa mwoga."

"Nimekusamehe. Nilikuwa na hamu nawe mpaka nikakonda."

"Kisumu watu hula nyama?"

"Zaidi ya samaki? Sijui. Kwa nini?"

"Nataka kujua kama nitafungua bucha huko. Nthenya, nioe... yaani, nikuoe! Umenichanganya. Nikubalie nilete mbuzi wa ntheo kwenu, nikufunge uchumba kama Wakamba wanavyotaka."

"Lete."

"Umekubali?"

"Nimesema lete! Unataka nikuandikie?"

Bucha ikalipuka kwa shangwe. Mzee Githinji alisubiri kelele zipungue, akajifuta mikono, akakohoa.

"Binti yangu, karibu. Mbuzi nitawachagua mwenyewe. Lakini ulimwita mwanangu mwizi hapa hapa, mbele ya wateja. Na kadi zile ndizo zimekupitisha. Mwombe msamaha, tuanze vizuri."

Muturi akanong'ona, "Baba, acha." Nthenya aliushika mkono wa Muturi, akaukazia vidole, akamtazama mzee kwa heshima zote, bila kupepesa.

"Baba, nakuheshimu, na huyu nampenda. Lakini alichukua kazi yangu akaivuruga bila kuniuliza, na kosa lingekuwa lile lile hata kama ningepata alama zote za dunia. Mbuzi nitawapokea. Msamaha siombi."