Saa Mbili za Mama

Nyumbani kwetu hakuna safari bila ukaguzi. Baba ni fundi wa magari, na gari letu limezeeka kiasi kwamba Bibi husema walizaliwa mwaka mmoja, ila yeye magoti yake yana nafuu. Baba hukagua breki na mafuta. Bibi hulizunguka gari akiyabonyeza magurudumu kwa kidole gumba, kama anayechagua parachichi sokoni. Mimi hujaza maji kwenye rejeta, maana hupungua kila siku. Kisha Baba huketi kwenye usukani na kuuliza, "Magurudumu?" Bibi hujibu, "Tayari!" Baba huuliza, "Maji?" Nami hujibu, "Tayari!" Hafungui boneti kuhakikisha. Kwake, neno la mtu wa nyumbani linatosha.

Asubuhi hiyo nilikuwa mbele ya kioo. Mama ni mpishi katika meli ya mizigo, na tulikuwa hatujamwona kwa miezi minane. Meli yake ilikuwa inatia nanga katika bandari iliyo mwisho wa barabara ya pwani, naye alipewa ruhusa ya kushuka kuanzia saa sita hadi saa nane mchana. Saa mbili tu! Nilikuwa nimerefuka, gauni alilonishonea limepanda juu ya magoti, na niliogopa kwamba angenitazama kama mtoto wa jirani. Nilisuka nywele, nikazifumua, nikazisuka tena. Honi ikalia. Nikatoka mbio.

"Maji?" Baba aliuliza.

"Tayari!" nilijibu. Boneti yenyewe sikuwa nimeisogelea.

Tuliondoka saa mbili asubuhi. Barabara ilipita juu ya majabali, bahari ikiwa upande wangu wa kushoto, mara ya kijani, mara ya buluu. Kila kona ilifungua ghuba nyingine yenye mchanga mweupe usio na nyayo za mtu. Bibi alikuwa akishangilia kila kona, na Baba alipunguza mwendo ili tutazame. Mimi nilikuwa natafuta meli tu. Kila nilipoona moja kwa mbali, moyo uliruka.

"Kasuku wangu," Baba alisema. Aliniita hivyo kwa sababu ya maneno mengi. "Leo mbona kimya?"

"Namfikiria Mama."

"Na mimi pia," alisema, akakohoa kidogo.

Saa nne na nusu, tukipanda mlima mrefu kuliko yote, mshale wa joto nao ukaanza kupanda. Mvuke ulifuka mbele ya kioo. Baba aliegesha gari pembeni, akazima injini. Alisubiri kwanza, kisha akafungua boneti na kuchungulia huku amekunja uso.

"Maji yamekwisha," alisema. "Yalijaa asubuhi, sasa hayapo. Basi yanavuja."

Alipapasa mipira yote ya maji, akalala chini ya gari, akatoka mgongo umejaa vumbi. Hakuona tone.

"Itakuwa pampu ya maji. Nimeifunga juzi kwa mikono yangu mwenyewe! Fundi mzima, naharibu gari la familia yangu siku kama hii."

"Si tujaze maji ya lile dumu la nyuma twende?" Bibi aliuliza.

"Hapana, mama. Kama linavuja na sijui linavujia wapi, litatufia mbele kusiko na watu. Lazima nifungue pampu."

"Itachukua muda gani?"

"Kufungua na kurudisha, saa tatu."

Nilihesabu moyoni. Saa tatu za kazi, kisha safari iliyobaki: tungefika Mama akiwa amesharudi melini. Baba alichukua spana, akainama juu ya injini. Nikajiambia kwamba huenda akaimaliza kazi haraka. Nikajiambia kwamba huenda kweli pampu ni mbovu. Spana ikashika nati ya kwanza.

"Baba, usifungue!"

Akageuka.

"Gari halivuji. Sikujaza maji. Nilikuwa nasuka nywele, na ulipouliza nikasema tayari." Machozi yalinitoka. "Pampu yako ni nzima."

Bibi ndiye aliyesema kwanza. "Njia ya mwongo ni fupi, mjukuu wangu. Yako imeishia mlimani. Heri imeishia hapa."

Baba aliweka spana chini. "Lete dumu," alisema. Tulisubiri injini ipoe, akamimina maji kidogo kidogo, akaliwasha gari na kulisikiliza. Lilitulia. Akanifungulia mlango, akasema, "Panda, twende."

Tulifika bandarini saa saba. Mama alikuwa amesimama langoni, aproni bado imefungwa kiunoni, akiangalia kila gari. Nilimrukia kabla gari halijasimama sawasawa. Hakunitazama kama mtoto wa jirani hata kidogo.

"Nilidhani hamji," alisema.

Baba alifungua mdomo, nikamtangulia. Nikamweleza Mama yote, kwamba saa moja kati ya saa zetu mbili niliipoteza mimi.

Mama alinikalisha kando yake kwenye ukuta mfupi. "Kutojaza maji kumetunyima saa moja," alisema. "Kunyamaza kungetunyima zote mbili. Umefanya vyema kusema, ingawa umechelewa. Sikiliza, mwanangu. Nikiwa baharini sina macho ya kuwaona. Nina maneno yenu tu kwenye simu. Ukiniambia Bibi mzima, nalala. Ukiniambia umekula, nalala. Neno lako ndilo macho yangu. Usinipe lililo tupu."

Nilifikiria simu zetu zote. Kila aliponiuliza hali, nilimjibu kwa sauti ya uchangamfu kwamba nimezoea kuwa mbali naye.

"Mama," nilisema, "sijazoea. Hata siku moja."

Alinivuta kifuani, akaninong'oneza, "Hata mimi, mwanangu. Hata mimi."