Usiite Ukifunga Boma la Maji

Saa kumi na moja jioni, mwezi wa Novemba, Salomea Wurtz alichukua funguo akaenda kufunga boma la maji. Wazee wa Strasbourg walilijenga kwa mawe kuvuka mto Ill, ili adui akija milango ishushwe, maji yarudi nyuma na kuzamisha mashamba yote ya kusini. Siku hizi adui ni watalii, na silaha yao ni kamera.

Kazi yenyewe si nzito. Unapita ujia mrefu wa ndani, wenye masanamu ya kanisa yaliyofungiwa nyuma ya nondo, unahakikisha hakuna aliyebaki, unafunga. Wafungaji wa zamani hawakuita mtu. Waligonga nondo kwa funguo mara tatu, wakaondoka zao. Ukiita, walisema, utaitikiwa. Lakini meneja mpya, Bibi Ostertag, aliona kugonga ni ushamba. Aliagiza wageni waitwe kwa adabu.

"Ita basi, dada," alisema Fridolin, mlinzi mwenzake, aliyebakiza siku nne astaafu. "Kabichi yangu inapoa nyumbani."

"Ita wewe. Mdomo unao, tena mkubwa."

Fridolin akacheka, akaita. "Kuna mtu humo?"

"Nipo."

Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya upole. Ikaja na harufu ya tope la mtoni.

"Watalii hawa!" Fridolin akaguna, akaingia kumtoa. Salomea alizisikia hatua zake. Moja, mbili, tano, kumi...

Kisha hakusikia kitu.

Alimkuta amelala kifudifudi kwenye ukingo wa mawe, kichwa kinaning'inia juu ya maji. Ndoano ya chuma ilikuwa imenasa kola ya koti lake. Chini gizani, aliyeushika mpini wake alikuwa mtu mwenye kofia iliyolowa.

Kila mtoto wa Alsace, jimbo la Strasbourg, hutishwa naye ili asichezee mtoni. Hakemann, mzee wa ndoano. Miaka yote Salomea aliamini kuwa mama yake alikuwa akimdanganya. Sasa alirudi nyuma hatua moja kwa hofu. Halafu akamwona Fridolin anavutwa kidogo tena, na hasira ikaipita hofu.

"Kaniita," yule wa majini alinong'ona. "Nimeitika. Sirudi mikono mitupu."

"Utarudi hivyo hivyo!" Salomea akaushika mkanda wa Fridolin. "Huyu ana mke anamngoja. Wewe unangojwa na nani, vyura?"

"Waulize bibi zako. Walikuwa wakinipa watu."

"Bibi zangu walikuwa waoga. Mimi umenikosa!"

Mkono mmoja ukavuta mkanda, wa pili ukagonga nondo kwa funguo.

Ngo!

Ngo!

Ngo!

"Tumefunga!" alipaza sauti. "Toka mlangoni kwangu!"

Kola ikararuka. Fridolin akamwangukia kifuani, analia kwa kwikwi. Ndoano ikazama polepole, bila haraka yoyote, na utulivu huo ndio uliomtisha Salomea kuliko yote.

Kesho yake jioni Bibi Ostertag alikuja mwenyewe kusimamia ufungaji.

"Kola imenaswa na msumari," alisema. "Watu wazima mnatishana na hadithi za watoto! Leo nitaita mimi."

"Mama, nakusihi," Fridolin alinong'ona. Shingoni alikuwa na mchubuko mwekundu.

Meneja akavuta pumzi, akafungua mdomo. Salomea akauziba kwa kiganja.

"Nifukuze kazi kesho," alimwambia sikioni. "Leo huiti."

Bibi Ostertag akafurukuta, macho yamemwiva kwa ghadhabu. Halafu akaacha. Akageuza uso taratibu kuelekea kwenye ujia.

Mle ndani, gizani, mtu alikohoa. Alikuwa anasubiri aitwe.